Njumu za mpini wa rodi zinaacha mistari, nipige msasa gani?

SWALI: Fundi habari. Natengeneza rodi yangu ya kuvulia, mpini nimetumia sponji ya EVA nyeusi nikatia njumu, yaani vipande vya urembo, nyekundu na nyeupe, nimeunga kwa supaglu. Nikipiga msasa kwenye mashine ya kukereza kila kiungo kinabaki kimesimama kama mshono, na nikizidi kupiga ndo kinazidi. Nitumie msasa namba ngapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, hakuna msasa wa kukutoa hapo, anza na 60 malizia na 1000, mstari utabaki palepale. Shida ni supaglu. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na EVA ni laini, ni hii hii ya soli za ndala. Msasa ukipita sponji inabonyea na kulika haraka, gundi hailiki, kwa hiyo kila ukipiga unashusha sponji tu na gundi inazidi kuchomoza. Pitisha ukucha utasikia unakwama pale pale.

Hili naletewa kila mara na linaniumiza, maana watu wanadanganywa na video fupi fupi, mtu anaunga kwa sekunde 10 anasema tayari. Wengine wanawaambia mjaze nyufa kwa supaglu na baking soda, hapo ndo umejenga ukuta wa zege ndani ya sponji! Mwingine anapitisha kiberiti ili pawe laini, EVA ikipata moto inasinyaa na kung'aa kama plastiki, ukishika na mkono wenye maji inateleza.

Tumia gundi ya mafundi viatu, ile ya kopo. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 mpaka 15 hadi ukigusa hainati kidoleni, halafu pachika ukiwa umelenga vizuri kwa sababu ikishashika hairudi, kandamiza kwa nguvu, acha mpaka kesho. Fanyia nje penye hewa na usivute sigara karibu. Kukereza nenda taratibu, 80, 120, 220, malizia 400, mkono mwepesi, ukiona pamepata joto simama.

Mpini wako huo hauhitaji kutupwa wote. Kata kila kiungo kwa wembe mpya, toa milimita 2 au 3 zenye supaglu pande zote mbili, weka kipande kinene kidogo kuliko cha mwanzo.

Ila jamani sura ya nje siyo kitu pekee. Supaglu haipindi, rodi inapinda, siku umepata kolekole wa kilo 15 kiungo kinapasuka, maji ya chumvi yanaingia mpaka ndani. Na humo ndani ya mpini ndo mafundi wengine wanaharibu zaidi, wanatoboa tundu kubwa kuliko rodi halafu wanazungushia rodi selotepu nyingi ili ikae, epoksi (gundi ya kuchanganya) wanatia kidogo tu juu na chini. Mpini kama huo unauziwa mtu unang'aa kabisa, baada ya wiki chache baharini unazunguka mkononi na mashine ya kukunjia mshipi inazunguka nao. Tundu panua kidogo kidogo kufuata unene wa rodi mpaka rodi iingie kwa kubana, epoksi ipake urefu wote huku unazungusha mpini unapoushusha, ikichuruzika mwishoni futa na spiriti kabla haijakauka.