Kuhusu swali lako la Tayap

Mwanangu,

Umeniuliza kama kuna haja ya msomi kama Don Kulick kwenda na kurudi Papua Guinea Mpya tangu miaka ya 1980, hadi sarufi na kamusi ya Tayap ikatoka mwaka 2019, wakati lugha yenyewe ni ya kijiji kimoja tu, Gapun, na wanaoisema hawafiki 50.

Haja ipo. Lakini kilichoninyima usingizi ni lile uliloandika kwa kupita tu: kwamba wazazi wa Gapun wanasema watoto ndio walioikataa lugha, kwa ukaidi wa kuzaliwa nao.

Mtoto hakatai lugha asiyosemeshwa. Nayasema haya tangu unanyonya. Mama anamwita mwanawe kwa Tayap, mtoto akizubaa anarudia kwa Tok Pisin, lugha kuu ya nchi yao, wala hana habari kwamba amebadili. Kesho mtoto atasubiri ile ya pili.

Unaikumbuka posa ya dada yako kule Usangi? Umeshika birika la chai, baba yako mkubwa akakuuliza jambo kwa Kipare, ukamjibu kwa Kiswahili. Akawageukia wakwe: "Hawa wa Tanga wametukataa." Ukainamisha kichwa, chai ikamwagika mkekani. Na ni yeye huyo huyo, kila likizo tulipopanda milimani, akikuona tu anaingia Kiswahili! Nilinyamaza kwa heshima ya wageni. Mpaka leo linanichoma.

Lakini pengine namwonea. Mimi Mpare, mama yako Mdigo, tulikutana kwenye Kiswahili na tukajenga nyumba humo. Na wale wa Gapun, Tok Pisin waliletewa na wanaume wao wenyewe waliorudi kutoka mashamba ya wakoloni, ikaja na habari za dunia, ikaja na dini. Nani asingeitaka? Hakuna kikao kilichokaa kuamua Tayap ife. Sawa. Hata hivyo, mtoto hakatai lugha asiyosemeshwa, na kumtwisha yeye lawama hiyo ni dhuluma, iwe Gapun, iwe Usangi.

Basi alaumiwe nani? Jina ninalo mdomoni, na kalamu inaniwasha. Ila yule ni kaka yangu, na mwezi ujao tunakaa naye kwenye kikao cha shamba la babu yako. Naliacha.

Mama yako anakusalimu. Anasema upige simu Jumamosi, Jumapili tutakuwa harusini.

Baba yako