Je, bakora humsaidia mtoto kuhifadhi Qur'ani?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mwanangu ana miaka saba, anasoma chuoni hapa Mbagala. Amekwama kwenye Suratul Bayyina: kila akifika aya ya sita hujikuta amerudi ya kwanza, na ustadhi humchapa, akisema bakora ndiyo inayofungua kifua. Sasa ikikaribia alasiri mtoto hujikojolea. Je, dini inaruhusu? Na hifdhi itamwongezea kumbukumbu mtoto mzito kama huyu?

JIBU: Wa alaykumus salaam, mama. Swali lako limenihuzunisha, na naanza na hilo neno "mzito", kwa kuwa mwanao si mzito. Aya hizo mbili zina maneno yaleyale, "kafaruu min ahlil kitaabi wal mushrikiina", na ulimi uliozoea ya kwanza huvutwa huko. Hata watu wazima hujikwaa hapo. Mwelezeni maana: ya kwanza inasema waliokufuru hawakuacha waliyokuwa nayo mpaka iwajie hoja iliyo wazi, ya sita inataja malipo yao Motoni, na ya saba inawageukia walioamini. Akijua anakokwenda, hatarudi nyuma.

Wanaotetea bakora hushika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba watoto waamrishwe swala wakiwa na miaka saba na wapigwe kwa ajili yake wakiwa na miaka kumi. Hoja hiyo haisimami. Hadithi inazungumzia swala ya faradhi, si kuhifadhi Bayyina, na hata katika swala imetanguliza miaka mitatu ya kuamrisha kwa ulimi, yaani swala zaidi ya 5,000, kabla ya kutaja kipigo. Tena aliyesahau hawi sawa na aliyeasi. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim kwamba Qur'ani huponyoka upesi kuliko ngamia katika kamba zake, na akaelekeza ichungwe kwa kuirudia. Akasema pia kwamba anayeisoma kwa tabu ana ujira mara mbili. Mwenye ujira mara mbili anachapwa kwa lipi?

Ama kumbukumbu, hifdhi humzoesha mtoto kusikiliza kwa makini na kurudia kila siku, ingawa si hakika kwamba humwongezea kumbukumbu ya mambo mengine; na kifua chenye hofu hakishiki kitu. Alale mapema, apewe aya moja alfajiri, na baba aisome kwa sauti katika swala za usiku nyumbani. Kujikojolea msimkemee. Zungumzeni na ustadhi faraghani, kwa heshima yake. Asiposikia, mhamisheni, wala hamna dhambi. Leo usimsikilize sura hiyo. Msomee wewe, naye akae mapajani mwako asikie tu.