Kilo 25 zinaniumiza kiuno, mfuko wa saruji hauniumizi

Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni saidia fundi, kila siku nabeba mifuko ya saruji ya kilo 50 na siumwi. Nyumbani nimejitengenezea chuma cha mazoezi: bomba, na kila mwisho kopo la rangi la lita 4 nililolijaza zege. Chote hakizidi kilo 25. Lakini nikikinyanyua kutoka chini mara kumi, kesho yake kiuno kimekaza. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Tatizo si uzito, ni kimo. Chukua futi upime kutoka sakafuni hadi katikati ya bomba: utakuta kama sentimita 8 au 9. Chuma cha mashindano huvalishwa pleti (visahani vya uzito) kubwa zenye kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chenyewe kinakaa sentimita 22.5 juu ya sakafu. Dedilifti unayoiona jimu, yaani kunyanyua chuma kutoka chini hadi kusimama wima, hufanywa kwa kimo hicho. Wewe unakifuata chuma chini zaidi kwa karibu sentimita 14. Nyonga zikishafika mwisho wa kukunjika, kinachobaki kupinda ni kiuno. Mfuko wa saruji ukiwa begani umekaa juu ya nyonga zako, tena mara nyingi kuna mtu wa kukutwisha.

Dawa unayo hapo hapo kazini. Tafuta tofali mbili za inchi 6, uzilaze, kila kopo likae juu ya tofali lake. Inchi 6 ni sentimita 15, hivyo bomba litapanda hadi 23 au 24. Tandika kipande cha tairi kuukuu juu ya tofali ili kopo lisiviringike.

Usikiguse chuma mpaka maumivu yaishe. Siku hizo fanya zoezi la mti wa fagio, na nakuomba usilidharau. Uweke wima mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega, na juu kidogo ya makalio. Sasa inama kwa kurudisha makalio nyuma, kama unayesukuma mlango wakati mikono imejaa mizigo. Mti ukiachana na sehemu moja kati ya hizo tatu, mgongo umeshapinda.

Ukirudi kwenye chuma, simama peku, bomba likiwa juu ya katikati ya nyayo. Lishike, kisha sogeza magoko mpaka yaliguse. Jaza pumzi tumboni, kaza tumbo kama anayengoja ngumi, halafu sukuma sakafu kwa miguu. Bomba lipande likikwangua miguu. Likienda mbele hata sentimita 10, kiuno ndicho kinacholipa. Ndoo ya maji nayo ukiinyoosha mbele unajua inavyokuwa nzito.

Mara kumi ziache kwanza. Seti 3 za mara 5 zinatosha, siku mbili kwa wiki. Na maumivu yakishuka mguuni, ukahisi ganzi, au mkojo ukaanza kusumbua, nenda hospitali siku hiyohiyo.