Koilova za Impreza: uliza mwendo wa shokapu kabla ya kuuliza gari litashuka kiasi gani

Wengi wanaotaka koilova, yaani shokapu iliyovaa springi na yenye uzi wa kurekebisha kimo cha gari, huanza na picha: gari limelala chini, kidole hakipiti kati ya tairi na madigadi. Lakini barabara ya kwetu ina matuta, rasta, viraka na mashimo yaliyojaa maji, na swali lake ni jingine kabisa. Gari likishasimama kwa uzito wake, shokapu imebakiwa na milimita ngapi za kubonyea? Koilova nyingi za Nairobi na Dar es Salaam hufa kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo. Hazifi kwa chapa mbovu. Hufa kwa kugonga mwisho kwenye kila tuta.

Hapa tunazungumzia Subaru Impreza WRX na STI za umbo la GD, zile za 2000 hadi 2007, kwa kuwa ndizo zinazofungwa koilova sana na bado zimejaa barabarani. Zina mguu wa shokapu na springi pamoja, mbele na nyuma. Umbo la GR lililofuata lina mfumo mwingine nyuma, kwa hiyo hesabu ya nyuma ya hapa usiipeleke huko.

Hesabu ya kufanya kabla ya kulipa

WRX ya GD ina kama kilo 1,400, na karibu asilimia 59 ya uzito huo iko mbele. Kila tairi la mbele basi linabeba takriban kilo 410. Toa kama kilo 40 za tairi, rimu, habu na breki, vitu ambavyo springi haivibebi. Zinabaki kilo 370 juu ya springi moja.

Nguvu ya springi huandikwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya kilo 8 itabonyea milimita 46 gari likishushwa kwenye jeki, yaani 370 gawanya kwa 8. Ya kilo 6 itabonyea milimita 62. Ya kilo 5, milimita 74.

Sasa chukua shokapu yenye mwendo wa milimita 120 kutoka fimbo kunyooka hadi kuingia yote. Ukiweka springi ya kilo 8, zinabaki milimita 74 za kupokea tuta. Ya kilo 6 inakuachia 58. Ya kilo 5 inakuachia 46 tu, na ndani ya hizo 46 kuna ule mpira wa kuzuia fimbo isigonge, ambao mara nyingi una urefu wa milimita 30 hadi 50. Maana yake gari limekaa juu ya mpira, au karibu yake, hata likiwa limeegeshwa.

Hapa ndipo watu wanapotea. Mtu ananunua springi laini akitafuta raha, anaziweka kwenye shokapu fupi, gari linaruka kama mkokoteni. Anasema koilova ni ngumu, anageuza kidhibiti cha ugumu wa shokapu kwenda upande wa laini, na sasa gari linafika kwenye mpira haraka zaidi. Kinachomuumiza mgongo ni mpira. Springi anayoilaumu haijapata hata nafasi ya kufanya kazi. Anayetaka springi laini lazima anunue shokapu ndefu. Ndiyo sababu koilova nyingi za bei ya chini huja na springi ngumu: mwendo ni mfupi, na springi ngumu ndiyo njia rahisi ya kuuficha ufupi huo.

Muuzaji akikwambia seti yake inashusha gari inchi 3, hajakwambia kitu. Muulize mwendo wa fimbo, urefu wa mpira na nguvu ya springi, mbele na nyuma. Asipojua, pima mwenyewe: vuta fimbo yote, pima sehemu inayong'aa, toa urefu wa mpira.

Kwa gari la kwenda kazini na safari ya Mombasa au Dodoma mara moja moja, kilo 6 mbele na 5 nyuma zinatosha, ukishusha milimita 20 hadi 25 basi. Kilo 8 na 7 ziache kwa anayekwenda uwanja wa mbio wa Whistling Morans pale Athi River kila unapofunguliwa. Na kwa wanaosema Impreza iliumbwa kukaa chini: zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns, zilinyanyuliwa.

Kuna sababu nyingine ya kutozidisha. Mfumo huu wa mguu una amu moja ya chini. Gari likishuka kupita kiasi, ncha ya nje ya amu inakuwa juu kuliko ya ndani, na kitovu ambacho bodi huinamia kinashuka haraka kuliko uzito wa gari wenyewe. Matokeo yake gari lililo chini linalala zaidi kwenye kona, na usukani unavuta wenyewe gari likipita mawimbi ya lami. Boljointi ndefu za kurekebisha pembe hiyo zipo, lakini ni gharama ya kutibu ugonjwa uliojitakia.

Kuchagua

Tafuta seti inayorekebisha kimo kwa kuzungusha bano la chini, lile linaloshika mguu kwenye habu, si kwa kubana springi. Ile inayobana springi hukupokonya mwendo kila unaposhusha, au huacha springi inacheza.

Juu ya mguu, chagua raba badala ya beringi ya chuma kama unapita vumbi. Beringi ya chuma hufanya usukani uwe mkali, lakini mchanga ukiingia huanza kugonga, na mlio wake husikika ndani ya gari lote.

Kuhusu chapa: Tein Flex Z ina hatua 16 za ugumu na imefungwa kiwandani, ikichakaa unabadilisha shokapu nzima. BC Racing BR ina hatua 30 na hufunguliwa ikarekebishwa. KW Variant 3 hutenganisha ugumu wa kubonyea na wa kurudi, na anayeinunua aelewe tofauti hiyo, la sivyo analipia vidhibiti ambavyo hatavigusa. Öhlins Road & Track ni nzuri, na bei yake inajua hivyo.

Zilizotumika kutoka Japani ndizo zinazouzwa Kirinyaga Road ya Nairobi na Gerezani ya Dar es Salaam. Si mbaya zote. Bonyeza fimbo kwa mikono: iingie kwa ukinzani ule ule mwanzo hadi mwisho, na zile za gesi zirudi zenyewe polepole. Pitisha ukucha kwenye fimbo. Ukikwama kwenye mkwaruzo, sili itavuja. Viringisha mguu juu ya meza kuona kama fimbo imepinda. Kisha jaribu kuzungusha ringi za kufungia, zile zinazoshikilia springi kwenye uzi. Kwenye mikoa ya theluji barabara humwagwa chumvi, na ringi iliyoshikana kwa kutu haitafunguka bila kuharibu uzi. Soma pia maandishi ya springi: mara nyingi ni kipenyo, urefu na nguvu, na si ajabu kukuta mbili tofauti kwenye seti moja.

Kabla ya kulipa, hakikisha ni ya gari lako. STI za modeli ya 2005 kuendelea zilipata habu mpya yenye bolti za tairi kwenye duara la milimita 114.3, badala ya 100 za awali. Watengenezaji huuza koilova zake kwa namba tofauti. WRX ilibaki na 100 mpaka mwisho.

Kufunga

Usiku wa kuamkia kazi, nyunyiza dawa ya kutu kwenye bolti kubwa za chini. Asubuhi, gari likiwa chini, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka ardhini. Upepo wa tairi utakudanganya.

Nyanyua gari, weka stendi, toa tairi. Fungua kwanza bano la mpira wa breki na waya wa ABS kutoka kwenye mguu, bolti ya namba 12. Ukisahau, uzito wa habu utaning'inia kwenye mpira wa breki. Mbele, mguu unashikwa na bolti mbili za namba 19, na ile ya juu ina kichwa chenye alama, si mviringo kamili: ndiyo inayorekebisha kemba, yaani pembe ya tairi kulala ndani au nje. Piga alama ya rangi kabla ya kuigusa. Shika kichwa cha bolti kisizunguke, fungua nati.

Bolti zikitoka, nako, kile chuma kinachobeba habu, itataka kuangukia nje. Usiiachie. Ikivuta shafti ya tairi kupita kiasi, jointi ya ndani hutengana na hapo kazi ya saa tatu inakuwa ya siku mbili. Ifunge kwa waya. Kisha nati tatu za juu, namba 12, ndani ya boneti. Ile kubwa ya katikati usiiguse kamwe mguu ukiwa bado garini. Nyuma, kwenye sedani, utatoa kiti kufikia nati za juu. Kwenye wagoni ni plastiki za pembeni za buti.

Koilova mpya: kaza springi kwa mkono mpaka isicheze, ongeza milimita 2 au 3, funga ringi. Urefu wa mguu wa kulia na wa kushoto uwe sawa kwa kupima. Usiukadirie kwa macho. Nati ya juu ya fimbo usiikaze kwa mashine ya upepo, kwa kuwa huzungusha fimbo ndani na kuchana sili. Ni kosa linalofanywa sana, na dalili zake hutokea baada ya miezi, wakati fundi ameshasahau. Nati ndogo za juu ni Nm 20 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Bolti kubwa za mbele Nm 175, kwa toki renchi, spana inayopima nguvu hiyo. Nyuma fuata kitabu cha huduma cha modeli yako.

Rudisha tairi, zungusha, tazama nafasi kati ya tairi na springi. Chini ya milimita 5 ongeza spesa, kile kisahani cha kusogeza tairi nje. Kisha jambo ambalo mafundi wengi huliruka: legeza bolti za bushi za amu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze bolti hizo likiwa chini. Bushi iliyokazwa tairi likining'inia inabaki imejipinda siku zote, na huchanika mapema.

Kidhibiti cha ugumu: kikaze mpaka kisimame, bila nguvu, kisha rudi nyuma ukihesabu mpaka katikati. Kuanzia hapo badili hatua 2 kwa wakati, ekseli moja kwanza.

Baada ya kilomita 100

Springi hulala milimita chache. Pima tena kimo, kagua ringi na bolti zote, ndipo uende alaimenti. Ukienda siku ya kwanza utalipa mara mbili. Kwa barabarani omba kemba ya nyuzi 1.5 hasi mbele na 1 hasi nyuma, pua za matairi ya mbele zinyooke, za nyuma ziingie ndani milimita 1. Nyuzi 2.5 hasi ni za uwanjani. Mjini zitakula ukingo wa ndani wa tairi kabla hujaona, kwa sababu hakuna anayechungulia huko. Rekebisha na taa za mbele.

Mlio wa "tok" ukigeuza usukani umesimama ni springi inayojinyonga au beringi ya juu. Kishindo kimoja kizito ukitoka kwenye tuta ni springi inayocheza tairi linaposhuka. Kugonga kwa haraka haraka kwenye changarawe ni nati ya juu, au stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) iliyokuwa mbovu tangu mwanzo na sasa imepata sauti.

Uzi wa koilova uoshwe kwa maji na brashi kila unapoosha gari, ukauke, upuliziwe silikoni. Si grisi. Grisi hushika vumbi, na baada ya msimu mmoja wa kiangazi una udongo uliooka juu ya uzi, na spana ya ringi inateleza tu.