Krismasi ya majani mabichi na vioo vya zamani

Nikiitwa kupamba sebule au duka kwa ajili ya Krismasi, huanza kwa kupunguza. Natoa riboni za plastiki, natoa theluji ya unga wa kumetameta, naacha rafu ikae wazi. Tawi la msonobari, koni kavu, nyota ya karatasi iliyokunjwa kwa mkono, tufe la kioo lililorithiwa kwa bibi: hivi ni vitu vipole. Ukivichanganya na vinavyong'aa kupita kiasi, jicho linakwenda kwenye mng'ao na vyenyewe havionekani. Uzuri wao unataka nafasi, na nafasi haina gharama.

Majani yana saa yake, nayo lazima uijue kabla ya kununua. Mti uliokatwa huendelea kunywa maji, ila utomvu huziba haraka pale ulipokatwa. Ukiufikisha nyumbani, kata tena kama sentimita 2 chini ya shina na uusimamishe majini papo hapo. Siku za mwanzo hunywa sana, kwa hiyo angalia maji kila asubuhi. Yakishuka chini ya shina, utomvu utaziba tena na hutaufufua. Usiuweke karibu na hita. Shada la mlangoni halina maji, na ndani ya chumba chenye joto huanza kukauka baada ya wiki moja hivi. Ndiyo maana mashada nayasuka mwisho kabisa, au nayatundika nje penye ubaridi. Penye watoto wadogo au paka, matunda ya holi na mistleto, mimea ya kupambia Krismasi, nayaweka juu wasikofika, maana yana sumu.

Vitu vikavu ndivyo ninavyovipenda zaidi, kwa kuwa unaweza kuvitengeneza mapema, bila haraka. Kata machungwa vipande vyembamba vya nusu sentimita, vifute maji kwa kitambaa, vipange juu ya wavu na uviweke kwenye oveni kwa nyuzi 100 kwa saa tatu hadi nne, ukivigeuza kila baada ya muda. Vikitoka vikiwa bado vinanata, virudishe, kwani unyevu uliobaki huleta ukungu. Kisha vitundike dirishani, mahali ambapo mwanga utavipitia. Ukutani rangi yao yote inapotea. Koni za msonobari nazo hukaa ovenini kwa joto hilohilo kama nusu saa: wadudu wanakufa, magamba yanafunguka. Usiondoke jikoni wakati huo, utomvu wake hushika moto. Na usishtuke ukiziosha zikajifunga, zikikauka zitafunguka tena. Vijiti vya mdalasini vilivyofungwa kwa kamba ya katani, na chungwa zima lililochomekwa karafuu, vinamaliza kazi ya harufu. Kwangu mimi, manukato ya kupuliza hayahitajiki.

Kuhusu vitu vya zamani, ninashikilia kwamba kimoja kizuri kinatosha chumba kizima. Mapambo ya kioo ya Krismasi yana asili yake Lauscha, mji wa wapuliza vioo nchini Ujerumani, yalikoanza kutengenezwa katikati ya karne ya 19. Tufe lilipulizwa likiwa jembamba sana, likatiwa fedha kwa ndani na kupakwa rangi kwa nje. Ukijua hivyo unajua pia namna ya kulitunza. Rangi ile haipendi maji, wala kitambaa chenye unyevu. Toa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Lishike kwa kiganja, usilining'inize kwa kikonyo chake cha chuma, maana kikonyo huchomoka. Palipobanduka rangi paache palivyo. Kulipaka upya ni kulifutia maisha yake.

Lakini si kila cha zamani kinafaa kutumika. Nyuzi za fedha za kutundika mtini zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1970 mara nyingi zina madini ya risasi, na baadhi ya theluji bandia ya miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa asbesto tupu, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu. Taa za umeme za enzi hizo, ambazo ganda la waya limepasuka, ziwe kumbukumbu tu, zisichomekwe. Chukua taa za LED zenye mwanga wa manjano hafifu, za kelvini 2,700 hivi (kelvini hapa hupima rangi ya mwanga): haziunguzi majani, na kioo cha zamani hupendeza mno chini yake.

Dukani hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu pale pambo linatumikia bidhaa. Mpita njia hutazama dirisha kwa sekunde chache tu. Mpe kitu kimoja kikubwa cha kale, kwa mfano mzani wa chuma, sanduku la safari au ngazi ya mbao, kisha panga bidhaa zako juu yake na pembeni yake kwa kimo tofauti, na zile unazotaka ziuzike ziwe usawa wa macho. Majani yapite chini na juu, yasifunike bei. Amua mapema kama mzani ule unauzwa, kwani wateja watauliza tu, na mhudumu asiye na jibu anapoteza nafasi ya kuanza mazungumzo mazuri. Mlango wa dharura na kizimamoto viachwe wazi, na mishumaa ya moto isiwepo kabisa karibu na matawi makavu.

Siku ya kutoa mapambo, vipande vya machungwa vilivyolainika peleka kwenye mboji pamoja na majani. Koni zinakaa miaka. Vioo vifunge kimoja kimoja kwa karatasi laini nyeupe (wino wa gazeti hutia madoa), uvipange kwenye trei za mayai na uviweke kabatini ndani ya nyumba, si darini ambako joto hubandua rangi. Andika juu ya boksi ni vya nani na vilitoka wapi.