Kromu ya pikapu mpya ikishika kutu, nani alipe?

Wiki hii maswali karibu yote ni ya kromu. Yaliyofanana nimeyaunganisha, nikaanza na lile lenye mambo mengi.

Fundi, pikapu yangu ya dabo kebini haijamaliza mwaka tangu niitoe dukani. Bampa ya nyuma na ule upinde wa chuma nyuma ya kebini vimeanza kutoa vipele vya kutu. Muuzaji anasema hayo ni "mazingira" kwa sababu naishi karibu na ziwa, eti waranti haihusiki. Ni kweli? (Msomaji, Dunga, Kisumu)

Kwanza tuliondoe ziwa. Kinachokula kromu kule pwani ni chumvi ya bahari inayopeperushwa na upepo. Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi hiyo. Kuishi Dunga si kuishi Likoni. Mwambie hivyo kwa upole, utaona atakavyoanza kutafuta neno jingine.

Sasa chuma chenyewe. Kromu ya bampa ni utando mwembamba mno, kwa kawaida haufiki hata maikroni 1, ilhali unywele wa kichwani ni maikroni 70 hivi. Huo ni wa kung'aa tu na kuzuia mikwaruzo. Kazi ya kuzuia kutu hufanywa na nikeli iliyo chini yake, ambayo huwekwa nene zaidi. Kiwanda kikibania nikeli, au chuma kikichovywa kabla hakijasafishwa vizuri, hubaki vitundu ambavyo jicho halivioni. Maji hupenya humo, chuma huanza kuoza, na kutu hutembea chini ya kromu kama mchwa chini ya mkeka. Ndipo unaona vipele vimetawanyika kila mahali, hata upande wa chini na wa ndani ambako jiwe haliwezi kufika.

Kutu ya kokoto za murram ina sura nyingine: hukaa mbele na karibu na magurudumu, na kila doa lina kovu la kugongwa katikati. Kwa hiyo lala chini ya gari lako na tochi. Ukikuta vipele upande wa ndani wa bampa, vipige picha kwa karibu, kisha upige nyingine inayoonyesha namba ya gari. Hiyo ndiyo hoja yako kubwa kuliko zote.

Halafu fungua kitabu cha waranti, maana mara nyingi humo mna ahadi zaidi ya moja. Ile ya kutu yenye miaka mingi, wanayopenda kuitaja siku ya kuuza, kwa kawaida ni ya bodi kutoboka: kutu ianzie ndani mpaka bati litoke tundu. Vipele vya bampa havimo. Ukienda na hiyo umeshindwa kabla hujaketi. Nenda na ile ya kasoro za vifaa na utengenezaji, ambayo muda wake ni mfupi zaidi. Tafuta aya inayotaja kromu au kutu ya juu juu, kwa sababu watengenezaji wengine huiwekea kikomo cha miezi 12. Wewe bado umo ndani ya mwaka, basi usingoje mvua iishe.

Upinde wa nyuma uutazame peke yake. Huenda haukutoka kiwandani na gari, ulifungwa pale dukani kama nyongeza. Kama umeandikwa kwenye ankara ya gari au kwenye risiti ya kodi ya eTIMS (ule mfumo wa ankara wa KRA) ya muuzaji yuleyule, yeye ndiye wa kuujibia, ingawa nyongeza mara nyingi huwa na waranti yake tofauti. Andika barua yenye tarehe, namba ya chesisi na kilomita, ambatisha picha, na nakala yako igongwe muhuri. Na hilo neno "mazingira", waambie waliandike. Watu husema mengi kwenye kaunta ambayo hawathubutu kuyatia sahihi.

Mimi nilifungiwa ngazi za kupandia za kromu na fundi wa jua kali hapa Nakuru, bei ilikuwa nafuu. Sasa kutu inatoka pale alipotoboa bodi. Je, nimeua waranti ya gari lote? (Msomaji, Pipeline, Nakuru)

La, hujaiua yote. Injini haina habari na ngazi. Lakini ngazi zenyewe hazimhusu aliyekuuzia gari, na kutu inayoanzia kwenye matundu ya drili nayo haimhusu, kwa sababu rangi ya kiwandani ilikatwa hapo na mtu mwingine. Hapo wa kumwendea ni fundi wako, kama bado anashika simu.

Usilale lakini. Fungua ngazi, kwangua matundu mpaka chuma king'ae, paka praima yenye zinki, kisha rangi, ndipo urudishe bolti zikiwa na vipira vyake. Kama ngazi ni za alumini na bolti ni za chuma cha kawaida, vipira hivyo ni vya lazima. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, moja humla mwenzake.

Lori letu jipya lina grili na vifuniko vya vioo vya kromu. Kromu inabambuka kama ngozi, lakini kutu hakuna. Muuzaji anasisitiza kuwa kutu haimo kwenye waranti. (Dereva, Busia)

Ndugu yangu, anakujibu swali ambalo hukuuliza. Hiyo grili ni plastiki. Weka sumaku, utaona haishiki. Gonga kwa ukucha, usikie inavyolia. Plastiki haishiki kutu hata iloweshwe mwaka mzima. Kinachotokea ni kwamba kromu haikushikamana nayo vizuri, basi jua la mchana na baridi ya usiku vikaimalizia. Katika barua yako usiandike neno "kutu" hata mara moja. Andika "kromu inabambuka kwenye plastiki", na udai chini ya kasoro za utengenezaji. Vifuniko vya nati za magurudumu navyo aghalabu ni plastiki, vitazame mara hiyohiyo.

Kijana wa mauzo aliniambia kwa mdomo kwamba kromu yote ina waranti ya miaka 3. Kitabu hakisemi hivyo. (Mama wa dukani, Kakamega)

Mama, rudi kwenye simu yako utafute ujumbe wa WhatsApp wa siku zile za kupatana bei. Vijana wa mauzo huandika sana wakati bado hujalipa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamkataza muuzaji kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, ila bila ushahidi itakuwa neno lako na lake, na yeye huenda ameshahamia kampuni nyingine.

Nimeandika barua mbili. Wamenijibu kwa maandishi kwamba hawalipi. Niende wapi? (Mwalimu, Bungoma)

Mwalimu, hilo jibu la maandishi ni mali, litunze.

Waranti ya karatasi si haki yako pekee. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kifungu cha 16, inataka bidhaa anayouza mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Ile ya 2012 inasema vivyo hivyo, na Katiba yenyewe, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia akipata hasara. Kwa hiyo hata kitabu kikisema kromu haimo, bado waweza kuuliza: je, bampa inayooza katika miezi ya kwanza ni bidhaa ya kuuziwa mtu kama mpya?

Pa kuulizia ni Mahakama ya Madai Madogo. Husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, wala huhitaji wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kufungua kesi. Kisumu ipo na Nakuru ipo. Kabla ya kwenda, tafuta fundi wa bodi asiyehusika na upande wowote, akague na kuandika kwamba kutu imeanzia chini ya kromu. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko hasira yako yote, nami najua unayo. Mamlaka ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya watumiaji, na wapo wauzaji wanaokumbuka adabu wakisikia umefika huko.

Vijana wanaoniosha gari hutumia asidi kung'arisha kromu. Inang'aa kweli, lakini baada ya siku chache inafifia. (Msomaji, Luanda, Vihiga)

Wakomeshe leo. Asidi hupenya kwenye nyufa za kromu na kuishambulia nikeli na chuma kilicho chini, na muuzaji akiona madoa ya asidi ana sababu halali ya kukukatalia. Waya wa kusugulia sufuria pia hapana. Sabuni laini, maji mengi, kitambaa kikavu, na nta ya gari mara kwa mara, basi. Kama vidoa vya kutu vimeshaanza, kunja kipande cha foili ya jikoni, kiloweshe maji, usugue polepole: alumini ni laini kuliko kromu, haitaikwaruza. Ila kama unakusudia kudai waranti, piga picha kwanza kabla ya kusugua chochote.

Mimi ni mkulima. Pikapu hubeba mbolea kila msimu, na bampa ya nyuma imeoza. Wamenikatalia. (Msomaji, Molo)

Hapa, mzee wangu, niko upande wao. Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi, na ile ya potashi ya kloridi ni kali kwa chuma karibu sawa na maji ya bahari. Vitabu vingi vya waranti huondoa uharibifu wa kemikali waziwazi. Msimu ujao tandika turubai, na siku hiyohiyo ya kushusha, mwagia gari maji mpaka chini ya bampa.

Wamekubali kunibadilishia bampa. Je, waranti inaanza upya? (Msomaji, Ahero)

Kwa kawaida hapana, bampa mpya humalizia muda uliobaki wa ile ya kwanza. Kabla hujaipokea, waulize kama ni ya toleo lilelile lililoshika kutu, na jibu waliandike kwenye karatasi ya kazi.