Nimemimina galoni nzima, sasa oili imepita F

SWALI: Nina Toyota IST ya injini 1NZ. Jumamosi nilimwaga oili mwenyewe nyumbani Kibosho, filta sikubadilisha, nikamimina galoni nzima ya lita 4. Stiki ya kupimia inaonyesha imepita alama ya F, kikomo cha juu. Jirani anasema si neno, ziada itaungua yenyewe. Je, niteremke nalo mjini?
Msomaji, Moshi

JIBU: Usiteremke nalo kwanza. Injini hiyo inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, na lita 3.4 ukiacha filta ya zamani. Umezidisha kama lita 0.6.

Hata hivyo, pima upya. Viwanja vingi vya huko vimeinama, na gari likiinama stiki hudanganya. Lisogeze taratibu mpaka pakavu palipo sawa, zima, subiri dakika 10, futa stiki, ichomeke hadi mwisho, ndipo usome.

Oili ikipanda mno, krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini, huichapa kama mwiko kwenye uji mpaka itoe povu. Pampu ikivuta povu, presha hushuka na beringi hukosa ulainisho. Oili nyingine hupitia mpira wa kupumulia wa injini hadi kwenye njia ya hewa. Ndiyo hiyo anayoisema jirani yako kwamba itaungua, ila huungua kwa moshi wa bluu na kuchafua plagi.

Kupunguza, tumia bomba kubwa la sindano lenye mpira mwembamba, uupitishe kwenye tundu la stiki. Kulegeza nati ya chini ya kumwagia oili kwa ajili ya nusu lita ni kujitafutia kazi: ikichomoka, yote imemwagika. Unachotoa kitie kwenye dumu, si kwenye mfongo, mfereji unaonyweshea migomba ya watu.

Safari ijayo badilisha na filta. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, maana mipira miwili ikikutana oili huvuja kwa kasi. Upake mpya oili, kaza kwa mkono; mpira ukishagusa injini, ongeza robo tatu ya mzunguko. Nati ya chini ni spana 14, na washa yake (kiringi cha kuziba) iwe mpya. Mimina lita 3.3 za oili ya 5W-30, washa injini dakika moja ili filta ijae, zima, subiri, kisha ongeza kidogo kidogo.

Stiki ikipanda tena bila wewe kuongeza kitu, hapo tatizo si galoni: petroli au maji yanaingia kwenye oili, na gari lisiwashwe mpaka fundi aliangalie.